Shangazi, naambiwa nisubiri viza, begi liko chini ya kitanda

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, nina miaka 31. Juni 2024 nilifunga ndoa kanisani na mwanaume anayeishi Uingereza. Tulikaa pamoja wiki tano, akarudi kazini kwake. Novemba mwaka huohuo akaniambia ameshapeleka maombi yangu ya viza ya mwenza, nisubiri tu, wakati wowote nitaondoka. Mpaka leo ni zaidi ya mwaka. Nikimuuliza yamefikia wapi, anasema mambo ya huko ni marefu, siwezi kuyaelewa. Zamani tulikuwa tunaongea mpaka usiku wa manane, siku hizi ni "umekula? haya, lala salama". Nafasi ya kusoma uzamili nimeiacha ikapita. Uhamisho wa kwenda shule ya karibu na mama yangu niliukataa, kwa kuwa naondoka. Begi langu liko chini ya kitanda, nimelifunga tangu Krismasi ile. Mama mkwe kila akipiga simu anauliza habari za mjukuu. Walimu wenzangu wananitania kwamba nimeolewa na simu. Shangazi, huyu ana mwanamke mwingine? Niendelee kusubiri au niachane naye?*

*Mwenye Begi, Nkuhungu*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilikuwa natafuta kitu kimoja nisikione. Katika barua nzima hujasema popote kwamba umewahi kwenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole.

Nitakueleza kwa nini hilo limenishtua kuliko hizo simu fupi. Viza ya mwenza ya Uingereza huombwa na yule anayetaka kwenda. Mwombaji ni wewe, mumeo ni mdhamini tu. Anaweza kukusaidia kujaza fomu mtandaoni akiwa kulekule, lakini ina jina lako na namba ya pasipoti yako, na baada ya hapo wewe mwenyewe, kwa miguu yako, unakwenda kwenye kituo cha maombi Dar es Salaam, unapigwa picha na kuweka vidole. Unapimwa kifua kikuu kwenye kliniki waliyoiidhinisha wao, maana Tanzania imo kwenye orodha ya nchi ambazo waombaji wake lazima wapimwe, na cheti chenyewe kinadumu miezi 6 tu. Unathibitisha pia kwamba unajua Kiingereza, kwa mtihani wa kiwango wanachokiita A1, au kwa shahada yako kama ulifundishwa kwa Kiingereza na wakala wao ameithibitisha. Ukishaweka vidole, kwa kawaida majibu hutoka ndani ya wiki 12. Kuna kipindi walielemewa wakatangaza wiki 24. Mwaka mzima bila barua yoyote kwako si jambo la kawaida.

Kwa hiyo mwanangu, kama hujapimwa kifua na hujaweka vidole, hakuna ombi. Hakuna foleni yenye jina lako. Najua inauma, na nimefikiria sana kama nikuambie waziwazi namna hii. Nimeona ni afadhali ulie leo kuliko kuendelea kulinda begi mwaka mwingine.

Lakini usikimbilie kwenye mwanamke mwingine. Huenda yupo, siwezi kukuapia kwamba hayupo. Ila kuna jambo jingine ambalo nimeliona likiwafunga midomo wanaume wengi wa nje, nalo ni mshahara.

Tazama tarehe. Ninyi mlifunga ndoa Juni 2024. Kwa miaka mingi mtu mwenye uraia au ukaazi wa kudumu wa Uingereza aliyetaka kumleta mke alitakiwa kuonyesha kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Tarehe 11 Aprili 2024, wiki chache kabla ya harusi yenu, kiwango hicho kilipandishwa hadi pauni 29,000. Sasa fikiria mtu aliyeajiriwa kwa kima cha chini cha mshahara cha kule, ambacho Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Akifanya kazi saa 37 na nusu kila wiki, mwaka mzima bila kukosa, hafikishi hata 24,000. Mshahara wako wa ualimu hauhesabiwi. Akiba inaweza kusaidia, lakini asiye na kipato kabisa anatakiwa awe na pauni 88,500 zilizokaa benki miezi 6. Bado gharama zenyewe: ada ya ombi ilifika pauni 1,938 mwezi huohuo wa Aprili 2025, na tozo ya huduma za afya ni pauni 1,035 kwa mwaka, ambayo kwa viza ya kwanza ya miezi 33 inakuwa 3,105. Jumlisha, ni zaidi ya milioni 15 za hapa kwetu, na ukinyimwa viza ile ada ya ombi hairudi.

Mwanaume aliyesimama kanisani mbele ya wazee wako na kukuahidi kwamba Krismasi mtakula pamoja Uingereza, kisha akarudi akakuta hesabu hazifiki, atakuambia nini? Wengine husema ukweli. Wengine husema "nimeshapeleka", wakitumaini kwamba wakiongeza saa za kazi kwa miezi miwili mitatu uongo utageuka kuwa kweli. Miezi inapita, uongo unakua, na simu zinafupishwa kwa sababu kila simu ndefu ina lile swali. Simtetei. Kudanganya mke ni kudanganya mke. Nataka tu ujue kwamba ukimya wa aibu na ukimya wa usaliti hufanana sana ukiwa upande wa pili wa simu, na kuna namna ya kuutenganisha.

Namna yenyewe ni karatasi. Chagua siku asiyokuwa zamu. Saa tatu usiku ya hapa ni saa kumi na mbili jioni kwake wakati wa baridi yao, atakuwa ameshakula. Usianze na "una mwanamke". Mwambie hivi: "Mume wangu, nimejifunza kwamba mwombaji ni mimi. Nataka tulifanye pamoja. Nionyeshe kibali chako cha kukaa huko ni cha aina gani, na mishahara yako ya miezi 6 iliyopita. Kama haitoshi, niambie haitoshi. Sitakucheka." Kisha nyamaza. Mwache anyamaze hata dakika nzima, usimsaidie kujaza ule ukimya.

Aina ya kibali nimeitaja kwa makusudi, maana hujaniambia anacho kipi na ninahisi hujui. Hayo niliyoyaeleza ya pauni 29,000 ni ya raia na wenye ukaazi wa kudumu. Kama yuko kwa kibali cha kazi ya kuhudumia wazee, walioingia kwenye kibali hicho kuanzia tarehe 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuleta mwenza kabisa. Kama ni mwanafunzi wa uzamili wa kawaida aliyeanza masomo tangu Januari 2024, vivyo hivyo, isipokuwa wachache wa utafiti au wenye ufadhili wa serikali. Hapo hakuna kusubiri kutakakosaidia mpaka kibali chake kibadilike, na mna haki ya kulijua hilo wote wawili.

Akikuonyesha, hata kama hesabu ni mbaya, una mume. Mtapanga. Mtajua mnahitaji miezi mingapi ili miezi 6 ya mishahara ikae sawa, na utaisubiri tarehe badala ya kusubiri "wakati wowote". Wewe huku uwe unatengeneza upande wako: cheti cha kuzaliwa cha RITA, cheti cha ndoa, pasipoti, na majina yafanane herufi kwa herufi kwenye vyote. Nimeona watu wakihangaika miezi kwa sababu ya jina la babu lililoandikwa kwa namna mbili. Tunza picha za harusi, tunza kumbukumbu za simu na meseji, tunza risiti za fedha anazokutumia, kwa sababu watataka kuona kwamba ndoa ni ya kweli. Usimpe dalali senti tano kwa ahadi kwamba "ana mtu ubalozini". Ombi lenye karatasi za kughushi linaweza kukufungia mlango miaka 10. Na akikuambia uje kwanza kwa viza ya matembezi halafu mtabadilisha hukohuko, kataa. Mgeni wa matembezi haruhusiwi kubadilisha akawa mwenza akiwa ndani ya nchi ile.

Muulize na hili, ambalo naona wengi hawaliulizi kamwe: nani aliamua kwamba lazima wewe ndiye uende? Wewe una ajira. Dodoma ya leo si ile ya kupitia tu ukienda Singida. Kurudi si aibu, ingawa kuna hesabu zake: mwenye ukaazi wa kudumu akikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo anaupoteza, na kama ameshachukua uraia wa kule, kwa sheria yetu si Mtanzania tena, naye atahitaji kibali kuishi hapa. Liwekeni mezani.

Akikataa kukuonyesha chochote, akafoka, akakukatia simu wiki nzima, hapo jibu lake umelipata, na usilibebe peke yako. Waite wasimamizi wa ndoa yenu na mshenga, nenda kwa mchungaji au padri aliyewafungisha. Mkishindwana kabisa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawapeleka kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi kabla ya mahakama. Sikushauri uachane naye leo. Leo bado hujui unaachana na mtu gani.

Mama mkwe usimjibu wewe. Mtoto wake ndiye amweleze kwa nini hakuna mjukuu.

Sasa tuzungumze kuhusu begi, maana ndilo lililonifanya nichague barua yako kati ya zote. Mwaka 2017, wakati serikali inahamia huku, ofisi yetu nayo ilihamishwa. Mume wangu alibaki Dar es Salaam na kazi yake na watoto waliokuwa katikati ya shule. Tulisema ni miezi mitatu. Nikapanga chumba Area C, nikayapanga maboksi sita ukutani, sikuyafungua. Niliona nikiyafungua nitakuwa nimekubali kwamba nakaa peke yangu. Miezi tisa nilikunywa chai kwenye kikombe kimoja cha plastiki na kulala bila pazia, nimetundika khanga dirishani kwa misumari miwili. Jirani yangu, mama wa Kigogo, akaniletea mlenda na ugali wa uwele jioni moja, akasubiri nihamishie nimrudishie vyombo vyake. Sikuwa na sahani. Zilikuwa kwenye boksi la tatu kutoka chini. Akayatazama yale maboksi akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, unahama lini?" Nilikosa jibu. Usiku ule nikachukua kisu nikakata gundi ya boksi la kwanza, nililia nikitoa vijiko. Mume wangu alikuja miaka miwili baadaye, akakuta nyumba.

Ndiyo maana nakuambia hata kama mumeo ni mwaminifu kuliko wote, hata kama kesho atakuonyesha mishahara inayofika 29,000 na chenji juu, bado umekosea kitu kimoja: umeishi kama abiria kwenye chumba unacholipia kodi. Uzamili unaweza kuusoma ukiwa unasubiri. Ukipata viza katikati, utahesabu wakati huo, na shahada uliyoianza haikuzuii kupanda ndege. Ile nafasi ya shule ya karibu na mama yako, ulizia tena. Kazi usiiache. Usiandike barua ya kuacha ajira mpaka viza iwe mkononi, na hata hapo uliza kwanza kuhusu likizo bila malipo. Jiunge na kikundi cha kuweka na kukopa hapo shuleni. Siku ya kwenda kuweka vidole ikifika kweli, treni ya umeme kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni saa tatu na kitu, huhitaji kulala umefungasha mwaka mzima kwa ajili yake.

Hao walimu wenzako wanaokutania, mmoja wao mwambie ukweli. Mmoja tu, yule asiyecheka sana. Umelibeba hili ukiwa peke yako muda mrefu, na sidhani kama hata mama yako anajua.

Begi livute leo jioni. Vitenge vitoe uvianike, vimekaa gizani muda mrefu na vumbi la Nkuhungu haliogopi zipu. Viatu viweke mlangoni. Jumapili piga hiyo simu. Atakachojibu niandikie kwa maneno yake mwenyewe, usikipambe na usikipunguze, nitakujibu.