Kinga ya asili ni ipi hasa?

Msomaji anauliza hivi: kliniki nesi kawaambia kina mama mtoto anazaliwa na kinga ya asili, halafu yeye kaja kusoma kwenye simu kwamba kinga ya asili anaipata mtu aliyeugua akapona. Ipi sahihi? Na kingamwili ndo hiyohiyo kinga ya mwili?

Ndugu msomaji, hapo hakuna aliyekosea ila neno "asili" linabeba mambo mawili, kuna asili ya kuwa nacho kitu tangu mwanzo na kuna asili ya kitu ambacho hakikutengenezwa na mtu. Nesi alikuwa na maana ya kwanza. Kule kwenye simu ni ya pili, yaani kinga iliyokuja kwa kuugua, sio kwa chanjo, na wakati wa korona ndo matumizi haya yalienea sana. Sasa mimi ushauri wangu ile ya nesi tuiite kinga ya kuzaliwa nayo, ni ndefu kidogo lakini haimchanganyi mtu.

Hiyo ya kuzaliwa nayo ni ngozi, ni kamasi, ni asidi ya tumboni, ni machozi pia manake yana lisozaimu, kimeng'enya kinachobomoa kuta za bakteria (mwanasayansi Alexander Fleming aliieleza mwaka 1922, kabla hata hajagundua dawa ya penisilini), na zipo chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kumeza kijidudu chochote kigeni, haziulizi ni cha surua au cha kipindupindu. Inaanza kazi saa hizohizo. Ile nyingine, kinga ya kujifunza, mara ya kwanza inachukua siku kadhaa mpaka wiki na zaidi, ila ikishamjua adui haimsahau kirahisi, na chanjo inafundisha hiyo.

Kingamwili sasa. Hizi ni protini zinazotengenezwa na mwili kumkamata adui fulani maalumu, kwa hiyo ni sehemu tu ya kinga ya mwili, usiandike kama ndo kinga yote. Ndo maana nasisitiza UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini, sio "upungufu wa kingamwili" kama wengi wanavoandika, kwa sababu virusi vile vinashambulia seli za CD4, aina ya chembe nyeupe za damu ambazo ndo zinaongoza askari wengine wa kinga, na mgonjwa anaweza kuwa na kingamwili tele dhidi ya VVU, vipimo vingi vinatafuta hizohizo, na bado kinga yake ikawa imeshuka.

Na kuhusu mtoto mchanga, kusema "hana kinga mpaka achanjwe" sio sahihi kilugha wala kiafya, anazo za kuzaliwa nazo na kingamwili za mama zilizopita kwenye kondo, na zingine anazipata kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo. Sema "kinga yake bado changa", halafu umpeleke akachanjwe kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi.