Fununu za mwisho wa Avengers: Doomsday

Nimekuelewa: umesoma watu wakiapa kwamba Doctor Doom, adui mkuu katika filamu ya mashujaa ya Marvel, Avengers: Doomsday, ndiye atakayeshinda mwishoni, na sasa hujui uamini au uzibe masikio.

Usiamini haraka ndugu yangu, hasa ushahidi ukiwa ni trela. Trela ya Avengers: Infinity War (2018) ilimwonyesha Hulk akikimbia vitani Wakanda; kwenye filamu yenyewe tukio hilo halimo. Waigizaji nao ndio kabisa! Andrew Garfield, aliyewahi kuigiza Spider-Man zamani, alikana tena na tena kwamba yumo kwenye Spider-Man: No Way Home, kisha 2021 huyo akatokea. Mimi niliyembishia rafiki yangu wiki nzima kwamba hayumo niliaibika.

Kubahatisha endelea, ni nusu ya raha. Ila picha zilizovuja ni jambo jingine, ukishaziona huwezi kuzisahau. Nenda kwenye mipangilio ya akaunti zako za mitandao ya kijamii, uzuie maneno kama “Doomsday” na “Doom” mapema.

Halafu, viungo vinavyodai kuwa na filamu nzima kabla haijatoka usibofye. Mara nyingi ni mtego wa kuiba nywila. Kama ulishaiandika huko, ibadilishe leo hii.