Mlio wa Vulcan ulitoka kwenye matundu ya hewa

Ule mlio mkali wa Vulcan, ndege ya kivita ya Uingereza ya kudondosha mabomu, uliowafanya watazamaji wa maonyesho ya zamani ya ndege nchini Uingereza wazibe masikio, haukutokana na hitilafu ya injini, bali ulitoka kwenye matundu mapana ya kuingizia hewa yaliyo mbele ya mbawa, ambayo yalivuma rubani alipofikisha injini zake nne za Olympus karibu asilimia 90 ya nguvu. Ndiyo maana ulisikika zaidi ndege ilipokuwa ikipaa. Hata hivyo, si Vulcan zote zilizolia hivyo, kwa kuwa mpangilio wa matundu hayo ulitofautiana. Vulcan yenye namba XH558, ya mwisho kuruka, ililia waziwazi hadi ilipostaafishwa Oktoba 2015.