Ruta ya pili nyumbani: uchague modi ipi?

Mkuu, nimekuelewa: faiba imefungwa sebuleni, nyumba iko Tabata, kuta za tofali za saruji, vyumba viwili vya nyuma na kibanda cha uani havipati mtandao. Umenunua ruta ya pili, ukaingia kwenye mipangilio ukakuta Router, Access Point, Range Extender na WISP, ukakwama hapo.

Jiulize mambo mawili kabla ya kubonyeza chochote. Intaneti itafika kwenye ruta ya pili kwa waya au kwa hewa? Na nani atagawa anwani za IP (namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao) kwa simu na kompyuta? Kwako jibu ni waya, na mgawaji abaki ruta ya sebuleni peke yake. Basi chagua Access Point.

Wengi huacha Router kwa sababu ndivyo kifaa kinavyotoka dukani, na wakichomeka waya kwenye tundu la WAN (la kupokelea intaneti) intaneti inakuja, wanaona kazi imeisha. Matatizo huanza baadaye. Ruta ya pili imetengeneza mtandao wake na inatafsiri anwani (inabadili anwani za vifaa kuwa yake vinapotoka nje) juu ya tafsiri ambayo ruta ya sebuleni inafanya tayari. Printa iliyo sebuleni haionekani kwenye kompyuta ya chumbani. Simu ikiwa uani haiwezi kurusha video kwenye TV. Kinasa cha kamera kinagoma kufunguliwa ukiwa nje ya nyumba. Mbaya zaidi ni pale ruta zote mbili zinapotumia 192.168.1.1: ya pili inapokea anwani inayoanza na 192.168.1 upande wa WAN na kugawa hizo hizo upande wa LAN (wa vifaa vya ndani), haijui data iende wapi. Ruta mpya nyingi hugundua mgongano huo na kuhama zenyewe. Za zamani hukaa kimya, mtandao unakufa.

Namna ya kuifunga. Iunganishe ruta ya pili na kompyuta kwa waya kabla ya kuipeleka chumbani, fungua anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko cha chini, chagua Access Point, hifadhi, isubiri iwake upya. Kisha vuta waya kutoka tundu lolote la LAN la ruta ya sebuleni. Zingatia kwamba baada ya hapo ile anwani ya kibandiko huenda isifunguke tena, kwa sababu kifaa sasa kinapewa anwani na ruta kuu. Ingia kwenye ruta kuu, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa, utaikuta humo. Watu wengi hudhani ruta imeharibika wanapofika hatua hii, wanabonyeza kitundu cha riseti na kurudi mwanzo.

Kama ruta yako ni ya zamani na haina modi hiyo, bado inafanya kazi ile ile. Badilisha anwani yake ya LAN iwe 192.168.1.2 (kama ruta kuu ni 192.168.1.1, na hakikisha 2 hiyo haijapewa kifaa kingine), zima DHCP (kazi ya kugawa anwani), kisha unganisha LAN kwa LAN. Tundu la WAN liache wazi. Fuata mpangilio huo huo: ukizima DHCP kwanza, kompyuta inaweza kukosa anwani na utashindwa kurudi kwenye mipangilio bila kuiwekea anwani kwa mkono.

Sasa waya, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Chukua Cat5e au Cat6, na Kariakoo wanakukatia kwa mita. Omba ukwangue ncha ya uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, iache. Alumini hukatika ukiikunja karibu na kichwa cha RJ45 (plagi ya mwisho wa waya), na hukatika kwa ndani ambako huoni. Shaba tupu ni nyekundu mpaka katikati. Kikomo ni mita 100, kwa kiwanja cha kawaida hutafika hata nusu.

Mpangilio wa rangi, kichwa ukikishika klipu ikiwa nyuma, kutoka kushoto: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Iwe hivyo hivyo pande zote mbili. Fundi akibana nyuzi nne tu (nafasi ya 1, 2, 3 na 6) mtandao utakuja, lakini hautavuka Mbps 100. Kifurushi chako kikiwa cha Mbps 20 au 50 hutaona tofauti, ila mwambie abane zote nane, kifurushi hupandishwa baadaye.

Waya wa kwenda uani uwe wa nje, wenye ganda jeusi. Ganda la kawaida la kijivu hupasuka kwa jua letu, kisha mvua za masika zinaingia ndani. Upitishe kwenye bomba lake, usiuchanganye na nyaya za umeme, wala usiulaze juu ya bati. Kabla ya kuingia tundu la ukutani uache ushuke kidogo chini ya tundu ndipo upande, maji yadondokee hapo yasifuate waya hadi ndani.

Ikishindikana kabisa kuvuta waya, ndipo Range Extender, yaani ripita. Redio moja inapokea na kurusha tena kwa zamu, hivyo kasi hushuka kama nusu. Kosa kubwa ni kuiweka kwenye chumba kisicho na mtandao: itarudia mtandao mbovu. Pakua programu ya kupima nguvu ya Wi-Fi, tembea na simu, uiweke mahali ambapo bado unasoma karibu na -65 dBm (kipimo cha nguvu ya Wi-Fi). Ukiona -80, umekwenda mbali mno, rudi nyuma. Kwa kuta za tofali, ripita ishike 2.4 GHz, 5 GHz ina kasi lakini ukuta wa pili unaimaliza.

WISP siyo ya kwako, ila wapangaji wataihitaji. Inafaa mwenye chumba anayetumia Wi-Fi ya pamoja ya nyumba kwa ruhusa ya mwenye nyumba, akitaka jina lake, nenosiri lake, na vifaa vyake visionekane na majirani. Ruta inapokea kwa hewa na kuanzisha mtandao wake. Hapa tafsiri mbili za anwani ndizo zinazokukinga, kwa hiyo zivumilie. Badilisha LAN iwe kitu kama 192.168.50.1 kuepuka mgongano.

Router yenyewe ni sahihi pale tu kifaa cha faiba kimewekwa kipitishe bila kugawa anwani, na wewe unaingiza kwenye ruta yako jina na nenosiri la PPPoE (njia ya kujiunga na mtandao wa kampuni). Usijaribu hilo bila kuzungumza na kampuni yako.

Kuhusu jina la Wi-Fi: mwanzoni ipe ruta ya nyuma jina tofauti ili ujue unapima ipi. Ukiridhika, weka jina, nenosiri na aina ya usalama sawa na sebuleni, simu ihame yenyewe. Chaneli (njia za mawimbi) ziwe tofauti: kwenye 2.4 GHz, moja iwe 1 na nyingine 6 au 11, upana 20 MHz. (Kwenye ripita hili haliwezekani, lazima ifuate chaneli ya ruta kuu.)

Umeme ukikatika, ruta ya nyuma ikiwa kwenye betri na ya sebuleni imezimika, simu itaonyesha Wi-Fi imejaa na hakuna kinachofunguka. Betri ianzie sebuleni: kifaa cha faiba na ruta kuu. Soma adapta kabla ya kununua, kuna ruta za volti 9 na za volti 12, na ukiipa ya 9 volti 12 unaweza kuiunguza.

Mwisho pima kasi mara mbili kwa kompyuta ile ile, kwa waya: kwanza kwenye ruta ya sebuleni, kisha kwenye tundu la LAN la ruta ya nyuma. Namba zikikaribiana, umefunga sawa. Ya nyuma ikiwa chini sana, kata vichwa vyote viwili vya RJ45 ubane vipya kabla hujalaumu ruta.