Muulize Fundi: Mgongo wa dirisha nao upakwe rangi?

SWALI: Shikamoo mzee. Ninajenga Bwiru, Mwanza, juu mawe, chini ziwa. Nimeagiza fremu 9 za madirisha na grili zake, geti dogo na kikingio cha ngazi, vyote vya chuma cheusi. Fundi amenipa bei ya kupaka "sehemu zinazoonekana tu". Anasema za nyuma zitafichwa na plasta, kuzipaka ni kumwaga rangi. Shemeji yangu wa Dar es Salaam anasema nipake kila kitu kwa sababu upepo wa ziwa una chumvi. Nimsikilize nani?
Msomaji, Bwiru

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shemeji yako anazungumzia bahari. Victoria ni ziwa la maji baridi, upepo wake hauleti chumvi ukutani kwako. Ila umande upo, na mvua za vuli na masika zinatosha kula chuma. Anayenitia hofu zaidi ni fundi wako, maana kosa lake nalijua. Nimelifanya.

Nimechomelea Nyakato miaka 26. Mwanzoni nilipewa madirisha 6 ya nyumba moja Nyegezi. Uso niliupaka redi oksaidi, ile praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), kisha rangi ya mafuta mikono miwili, ukang'aa. Mgongo wa fremu, ule unaolalia ukuta, niliuacha mtupu. Masika ya pili mwenye nyumba akaniita. Michirizi ya kahawia ilikuwa inashuka kutoka kila kona ya chini, na plasta imepasuka kuifuata fremu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ikikosa pa kukaa, husukuma plasta. Na hapo brashi haifiki tena. Tulibomoa, kwa pesa yangu.

Kwa hiyo usiulize kama sehemu itaonekana. Uliza: kikishafungwa, maji yatafika hapa? Na brashi je? Panapofika maji pasipofika brashi ndipo pa kupakwa kwanza, chuma kikiwa bado karakanani. Nenda huko na chaki, kabla hajafungua kopo, ukaweke alama wewe mwenyewe. Mgongo hauhitaji rangi ya urembo. Praima mikono miwili inatosha, hivyo hoja ya kumwaga rangi haina uzito.

Chaki ipite mgongo wote wa fremu, na kingo zote. Rangi hukimbia ncha kali, kwa hiyo ncha zipigwe grainda kidogo, na brashi ianzie kwenye kingo kabla ya uso. Angalia pia flati ba, yaani vyuma bapa, zilizolaliana. Mafundi wengi huzishika kwa nukta tatu nne za weldi, na katikati unabaki mwanya mwembamba ambao maji huingia na rangi haiingii. Mwambie ashone mshono mzima.

Ndani ya bomba la kikingio usihangaike, mradi ncha zote zimezibwa kwa weldi kabisa. Hewa na unyevu mpya haviingii, kutu haiendelei. Kama kuna tundu lolote juu, basi atoboe na la chini, maji yapate njia ya kutoka.

Sasa pasipopakwa. Pini za bawaba, ulimi wa kitasa na nyuzi za bolti ni za grisi. Rangi hapo hugandisha, ukilazimisha inabanduka. Nguzo za kikingio zinazoingia kwenye zege zisipakwe urefu wote. Zege zuri hulinda chuma lenyewe, na hukishika vizuri zaidi kikiwa kitupu. Lakini praima ishuke kama sm 5 ndani ya zege, kwa sababu pale chuma kinapotokeza ndipo maji hutuama na kutu huanzia. Patakapochomelewa kwenu Bwiru paachwe patupu sm 5 hivi, kisha pasuguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa praima siku hiyo hiyo. Asingoje kesho, umande utamtangulia.

Geti likiwa na bati la zinki, rangi ya mafuta isipakwe moja kwa moja juu yake, itabanduka kama ganda. Linataka praima yake maalumu.

Na mwambie apake asubuhi, umande ukishakauka. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu wakikuta rangi mbichi jioni chini ya taa, ni kupiga msasa upya geti zima.

Siku ya kupokea geti, ingiza simu chini ya ukingo wa chini kabisa, upige picha. Ukiona chuma kitupu, salio libaki mfukoni kwako mpaka aligeuze juu chini na kulipaka.