Jibu: Je, mfungwa aliyehukumiwa miaka 7 na kupelekwa New South Wales (koloni la Uingereza huko Australia) alikaa gerezani muda wote?

Hapana mkuu, wengi hawakukaa gerezani. Miaka ya 1830 mfungwa akishuka melini Sydney aligawiwa kwa bwana, mara nyingi mfugaji wa kondoo bara. Mshahara hakuna. Bwana alilazimika kumpa nguo, malazi na posho ya wiki: ratili 12 (ratili ni karibu nusu kilo) za ngano (au 9 za unga), ratili 7 za nyama ya ng'ombe au kondoo, wakia 2 (kama gramu 57) za chumvi na wakia 2 za sabuni. Chai na sukari vilikuwa hisani, na bwana mjanja alivitumia kama fimbo.

Fimbo yenyewe hakuruhusiwa kuishika. Alimpeleka mfungwa kwa hakimu, ambaye naye aghalabu alikuwa mfugaji jirani, kwa hiyo pima mwenyewe haki ilivyokuwa. Hukumu ya kawaida ilikuwa viboko 25 au 50, au kupelekwa kupasua mawe ya barabara na pingu miguuni.

Aliyehukumiwa miaka 7 akatulia kwa bwana mmoja miaka 4 aliweza kupata cheti cha ruhusa (wa miaka 14 alingoja 6, wa maisha 8). Hapo alijitafutia kazi ya mshahara, ila ndani ya wilaya iliyoandikwa tu. Cheti kiliandikwa meli aliyokuja nayo, urefu, rangi ya macho, hata makovu. Akikutwa nje ya wilaya, kilifutwa.