Madai matatu, hoja sifuri

SWALI: Natafsiri somo la akili mnemba kuhusu programu zinazojadiliana kwa mantiki ilhali muda na kumbukumbu zake ni haba. Niandike "mawakala wenye rasilimali finyu" au "yenye rasilimali chache"? Na wanachorushiana ni hoja au maoni?

JIBU: Andika "wenye". Programu inayotetea msimamo wake imeshajipatia ngeli ya watu, hata kama haili ugali. "Finyu" mimi huwaachia wenye vichochoro na vyumba vya kupanga. "Ufinyu wa bajeti" umeshatushinda, nimeacha kuupigia kelele. "Chache" yatosha.

Swali la mwisho ndilo limenipandisha mori. Hoja, neno tulilopewa na Waarabu, siku hizi hubandikwa lolote litokalo kinywani. Fungua redio asubuhi umsikie mchambuzi: "Hoja yangu ni kwamba Yanga watatwaa ubingwa." Hilo ni dai. Akiulizwa kwa nini: "Hoja ya pili, Yanga ni timu kubwa." Dai jingine! "Na hoja ya tatu, Simba hawana lolote." Madai matatu, hoja sifuri, na matangazo ya sabuni yanaingia.

Wataalamu wa somo lako hawana subira hiyo. Kwa Philippe Besnard na Anthony Hunter, mwaka 2001, hoja ni jozi: dai pamoja na sababu zake. Sababu hizo zisipingane, zitoshe kulizaa dai, wala isiwemo hata moja ya ziada. Sharti hilo la mwisho ningelibandika mlangoni mwa kila studio! Ila lina gharama. Kauli 30 tu zinatoa mafungu 1,073,741,824 ya sababu, ukihesabu na fungu tupu. Kuyapima yote, muda utakwisha kabla. Basi wakala mwenye muda mchache hukomea njiani, akasema kwa yale aliyokwisha kuyapata, pengine pingamizi zito likiwa bado halijamfikia. Hata hivyo, alichotoa ni hoja. Mchambuzi wetu ana kipindi kizima na kikombe cha kahawa.

Wabunge na "naomba kutoa hoja" yao nimewasamehe. Ile ni istilahi ya Bunge, ina kazi yake.

Kwako: jozi nzima iite hoja, sehemu inayotetewa iite dai, na jozi inayoipinga iite hoja pingamizi. Mhariri akibadilisha "dai" kuwa "hoja" eti kwa kuepuka kurudiarudia, nipe namba yake ya simu.